Mwalimu wa Kwaya Aliyesikia Pangoni

Sisi tulimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kushika chaki. Siku za kazi alikuwa kwenye kiwanda kimoja cha nguo pale Eldoret, katika jumba la mitambo ya kufuma, na Jumatano jioni na Jumapili asubuhi alikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa letu. Alizaliwa wapi, baba yake nani, alisoma hadi wapi, hayo waulizeni wengine. Lafudhi yake ilikuwa ya watu wa magharibi, kama nusu ya kwaya, na nusu nyingine tulikuwa watoto wa watu wa sehemu za kati ya nchi waliokuja huku kulima na kufungua maduka. Mimi namjua kwa upande wa mgongo. Kwa miaka mingi nilitembea nyuma yake mlimani, nikihema, nikimtukana kimoyomoyo, na hata leo nikimfikiria, kitu cha kwanza kinachonijia ni lile koti lake jeusi la kanisani likipanda mbele yangu bila huruma.

Kwa maana alikuwa na wazimu wake. Jumamosi moja ya kila mwezi alituchukua kwaya nzima kwenda kupanda kilele fulani, na baada ya kilele, tuliingia pangoni kuimba. Tuliondoka asubuhi kwa pikapu ya muumini mmoja aliyekuwa akibeba viazi, tukarudi jioni. Siku hizo, miaka ile ya chama kimoja, hakuna mtu wa kawaida wa Eldoret aliyepanda mlima kwa ajili ya mlima. Mlima ulikuwa wa mtu aliyepoteza mbuzi, wa mama anayetafuta kuni, au wa mzungu. Mama yangu, aliyelima Ainabkoi mpaka baridi ikamchosha ndipo akafungua duka la vitambaa mjini, hakuelewa kabisa.

"Umetoka asubuhi," aliniambia mara ya kwanza niliporudi, "umerudi giza likiingia, matope mpaka kwa magoti. Kuni ziko wapi?"

"Hatukuenda kuni, Mama. Tulienda kuimba."

"Kwani kanisa limeanguka?"

Jibu la kweli halikuwa langu kulitoa. Nitalitoa hapa mapema, nisije nikafanya fumbo la jambo ambalo sisi wanakwaya tulilijua sote. Masikio ya Mwalimu yalikuwa yakifa. Ile mitambo ya kufuma, ikigonga yote kwa pamoja kutwa nzima, ilikuwa imeyala taratibu kama panya anavyokula gunia, kutoka pembeni kwenda ndani.

Tuligundua Jumatano moja. Tulikuwa kwenye mazoezi kanisani, mvua ikipiga mabati, mtu wa tena, ile sauti ya juu ya wanaume, akaingia pasipofaa, tukacheka, tukanyamaza wote. Mwalimu alikuwa amefumba macho. Aliendelea kutuongoza. Mikono yake iliinua soprano, ikatuliza besi, ikatuita sisi alto kwa kidole kama kawaida, na hakukuwa na wimbo wowote pale ndani isipokuwa mvua. Alipofungua macho akaona midomo imefungwa, alishusha mikono polepole, akatoa kitambaa akafuta uso.

"Vizuri," alisema. "Mtarudia hapo mwisho."

Hakuna aliyecheka tena.

Hatukukaa kikao, hatukuapa kitu, lakini tangu siku hiyo tulimficha. Wazee wa kanisa wakijua, kwaya ingepewa mtu mwingine, na kwaya ndiyo kitu pekee mjini kilichokuwa chake. Familia yake ilikuwa nyumbani magharibi, chumba chake cha kupanga kilikuwa na kitanda na jiko la mafuta, na saa zake zilikuwa za mwenye kiwanda. Jumatano na Jumapili tu ndipo alikuwa mtu wa kuinua mkono watu wazima wakasimama.

Sasa pango. Aliligundua kwa bahati. Alikuwa ameshuka ukingo wa bonde la Kerio na mwenzake wa kazini kununua asali, mvua ikawakimbiza wakajikinga ndani ya pango, vumbi likamwingia puani akakohoa.

"Nikasikia kikohozi yangu," alituhadithia, na alihadithia hivyohivyo kila mara, bila kuongeza neno. "Nikakaa chini. Nilikuwa nimesahau niko na kikohozi ya namna gani."

Kanisani sauti zilipanda zikapotelea kwenye mabati. Pangoni jiwe lilizikusanya, likamrudishia zote, kubwa na za karibu, kutoka kila upande. Mle ndani alisikia tofauti ya alto na tena. Alisikia nani kachoka, nani ana mafua. Yale aliyoyasikia Jumamosi moja aliyahifadhi kichwani na kuyatumia mwezi mzima, akituongoza Jumapili kwa kumbukumbu ya yaliyosikika pangoni. Pango likifungwa, alikuwa mtu anayepunga mikono mbele ya watu, basi. Tulilijua hilo vizuri, ndiyo maana tulipanda.

Kwa nini vilele kwanza, hilo sijui mpaka leo, maana kila aliyemuuliza alipewa jibu lake. Mimi aliniambia ni kwa sababu ya mapafu. Karani, mtu wa besi aliyefanya kazi kwenye maghala ya mahindi, aliambiwa ni kwa sababu ya miguu, kwamba besi wanaimba kwa visigino. Jibu nililoliamini mimi ni alilompa dada mmoja wa soprano, mwimbaji wetu wa solo, mrembo, aliyependa kushikilia noti ya juu mpaka watu wa mbele wageuke kumwangalia.

"Wewe nakupeleka juu kwa sababu ya kiburi," alimwambia, tukiwa kwenye kilima kimoja nyuma ya Timboroa ambako baridi iliingia mpaka kwenye meno. "Haya, imba hiyo solo yako."

Dada alijikaza, akaimba. Upepo ulichukua ile noti ya juu mbele ya pua yake ukaenda nayo. Sisi tuliokuwa hatua chache kutoka kwake tuliona mdomo tu.

"Umemaliza?" Mwalimu aliuliza.

"Nimemaliza," dada alimjibu kwa kelele sikioni.

"Nani amekusikia?"

"Hakuna mtu, Mwalimu."

"Basi sasa tunaweza kwenda kufanya kazi."

Lakini mtu huyohuyo aliyekemea kiburi alipanda milima na viatu vya ngozi vya kanisani. Sisi tulivaa gambuti, wengine akala za matairi, yeye viatu vyeusi vya kamba, na mfukoni kibati cha rangi ya viatu. Tukifika kileleni, wengine tukijitupa chini kama magunia, yeye aliketi juu ya jiwe, akavisugua mpaka vikang'aa, ndipo akaangalia mandhari. Tulimtania sana. Kule Sergoit, kwenye lile jiwe linalotokeza katikati ya mashamba ya ngano, Karani alimuuliza kwa kumpigia kelele sikioni kama anatarajia wageni.

"Ninyi si wageni?" alijibu, akaendelea kusugua.

Alikuwa jasiri kwenye magenge. Alipita kwenye vijia vya ukingoni ambavyo mbuzi wenyewe hufikiri mara mbili, mikono mifukoni, akituambia tusiangalie chini huku yeye akiangalia chini. Popo, hata hivyo, walimtoa jasho. Mlangoni mwa pango alikuwa akifungua mwavuli wake, akaingia nao umefunguliwa juu ya kichwa, ndani ya mlima, pasipo na tone la mvua. Aliongoza nyimbo kwa mkono mmoja kwa sababu wa pili umeshika mwavuli. Mtu asiyetujua angetuona vichaa, na angekuwa na haki.

Njia, tusizungumze. Kila mara alisema anaijua. Tukikutana na mchungaji au mama anayepalilia, alisimama, akavua kofia, akauliza njia kwa heshima zote, na yule mtu alimweleza kwa urefu, na Mwalimu akaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, asante sana mama, asante mzee, halafu akatupeleka upande wa pili kabisa. Hakuwa amesikia hata neno. Siku moja mama mmoja alitukimbilia nyuma mpaka mtoni, jembe begani.

"Si nimewaambia msipite kwa mto? Huyu mzee wenu anasema ndiyo, ndiyo, kwani anaitikia nini?"

Tulimwambia mzee amechoka. Baada ya hapo ilikuwa kawaida yetu: Mwalimu anauliza njia, Karani anasimama nyuma yake na kusikiliza, kisha sote tunafuata Karani na Mwalimu, akituona tumegeuka, anakimbilia mbele tena akidhani anatuongoza. Ulikuwa ulaghai wa upendo na sijutii hata kidogo.

Sauti yake mwenyewe ilikuwa kama lango linalohitaji grisi. Hakuweza kuimba mstari mmoja, na wala hakujaribu. Alituonyesha wimbo kwa mikono, kwa nyusi, kwa kutembea huku na huku, na kwa matusi ya kistaarabu aliyoyatunga papo hapo. "Nyinyi alto mnaingia kama watu wamechelewa kazini." "Tena, huo si wimbo, huo ni mkutano." Alikuwa mkali mpaka tukalia, na ukimshukuru alikasirika zaidi. Tulipomfumia fulana ya sufi, aliipokea kwa uso wa mtu aliyepewa habari za msiba, akaivaa kila Jumamosi mpaka ikachakaa viwiko, na hakusema asante.

Kisha ukaja mwaka ule ambao kila mtu alimwangalia jirani yake mara mbili kabla ya kumsalimu. Ilikuwa baada ya vurugu za kisiasa za Nairobi. Watu zaidi ya wachache wakikusanyika bila laiseni, hata kama ni matanga, chifu alitaka kujua wanasema nini. Na sisi hapa, watu wazima wa makabila mbalimbali, wa kutoka mjini, tunaonekana kila mwezi tukishuka ukingo na kupotelea ndani ya shimo. Hata mimi ningetushuku.

Askari wawili wa utawala walitungoja mahali pikapu ilipotushusha, wakatupeleka kwa chifu wa lokesheni ile, kata yote ya ukingoni. Alikuwa mzee mnene wa pale pale ukingoni, mwenye sharubu zilizofunika mdomo wote, kofia yake ya kazi juu ya meza. Tulijazana mlangoni na madirishani. Mwalimu alisimama mbele, kofia mkononi.

"Nani aliwapa ruhusa ya kuingia kwa pango?" chifu aliuliza.

"Ndiyo mzee," Mwalimu alisema, "ni baridi sana."

Chifu aliweka kalamu chini.

"Unanifanyia mchezo?"

"Tumetoka Eldoret, mzee."

Karani alijipenyeza akataka kumnong'oneza, chifu akamzuia kwa mkono. Aliinuka, akaegemea meza, akapiga kelele ambayo nadhani ilisikika bondeni. "KWANI WEWE HUSIKII?"

Hilo Mwalimu alilisikia. Tulikuwa tumelibeba neno lile kwa muda mrefu kama mtu anavyobeba mayai, na sasa lilikuwa limetupwa mezani mbele ya serikali. Nilitaka aseme hapana, nilitaka atunge chochote. Mwalimu aliangalia viatu vyake.

"Nasikia kwa pango peke yake, mzee," alisema. "Ndiyo maana tunakuja."

Chifu alitazama askari, askari wakatazama dari. Mmoja alianza kucheka akajizuia.

"Mwalimu wa kwaya hasikii," chifu alisema, akiyapima maneno. "Na nyinyi mnataka niamini hiyo." Akatuambia turudi tulikotoka, na tusionekane tena bila laiseni.

Mwezi huo na uliofuata hatukwenda. Nilimwona Mwalimu akipungua mbele ya macho yangu. Kumbukumbu ya pangoni iliisha, na Jumapili alikuwa akituongoza kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta mlango. Tulijitahidi kumfuata, lakini unamfuataje mtu asiyejua uko wapi? Siku moja alitumalizia wimbo wakati ubeti mmoja bado. Tulimeza ubeti tukaketi. Wazee wa kanisa waliinamiana vichwa, na nikasikia mmoja akitaja kijana fulani wa Kitale anayejua kupiga kinanda. Mwalimu hakusikia, lakini aliona vichwa.

Ni Karani aliyehangaikia laiseni. Alikwenda, akarudishwa, akaenda tena, na hatimaye akaipata, lakini ilikuwa ya aina moja tu waliyokuwa nayo: laiseni ya mkutano wa hadhara. Hakukuwa na laiseni ya kuimba ndani ya mlima. Na mkutano wa hadhara, kwa sheria ya siku hizo, haufanyiki bila serikali kuwapo. Kwa hiyo Jumamosi hiyo chifu alilazimika kuja kuuhudhuria.

Alikuja na kofia yake, fimbo yake na askari mmoja, na kwa sababu Mwalimu hakubadilisha utaratibu kwa ajili ya mtu yeyote, tulipanda kilele kwanza. Sijawahi kuona mtu akijutia cheo chake namna ile. Alipanda akisimama kila baada ya hatua chache kukagua lokesheni yake, akatoka jasho, akakubali maji kutoka kwenye chupa ya dada wa soprano. Juu, bonde lote likiwa chini yetu, mito na mashamba na ng'ambo vilima vya Tugen vikiwa bluu, alivua kofia akaketi.

"Nimekuwa chifu hapa mpaka nywele zimeisha," aliniambia baadaye kidogo, "na sijawahi kupanda huku. Nyumba yangu ni ile pale. Inakaa ndogo."

Mwalimu alikuwa anasugua viatu.

Pangoni, chifu ilibidi aufungue mkutano. Alijiweka sawa, akapaza sauti: "Harambee!" Pango lilimrudishia neno lake kutoka kulia, kutoka kushoto na kutoka huko ndani kabisa kusikoonekana. Aligeuka nyuma. Akajaribu tena, kwa sauti kubwa zaidi, na nikaona sharubu zikitabasamu. Nadhani angeendelea hadi jioni kama Mwalimu hangefungua mwavuli na kuinua mkono.

Tuliimba zaburi. Tulikuwa na hofu, tuliimba vibaya, na kabla ya ubeti wa kwanza kuisha Mwalimu alitukata.

"Alto mmoja amekuja na mafua. Tena, nyinyi mnaogopa nani? Na wewe mzee," akamgeukia mwakilishi wa serikali, "simama mahali pamoja. Hizo buti zako zinaimba."

Askari alimtazama bosi wake. Chifu alitazama buti zake, zilizokuwa zimesimama juu ya changarawe.

"Umesikia buti?" aliuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile tunayosalimiana nayo.

"Nimesikia."

"Na kule ofisini nilipiga kelele mpaka koo ikauma."

"Kule ni ofisi, mzee. Hapa nasikia."

Chifu alisogea hadi kwenye mwamba, akaegemea, akasimama pale bila kutikisika mpaka tulipomaliza nyimbo zote. Nilimwona akimwangalia Mwalimu, si sisi. Alimwangalia jinsi uso ule mkavu ulivyofunguka kila sauti ilipomfikia, jinsi alivyoinamisha kichwa upande wa besi kama mtu anayeitwa na rafiki. Wimbo wa mwisho ulipotulia, chifu alipangusa macho kwa kofia yake na wala hakujificha.

"Hii si mkutano," alisema. "Mimi najua mkutano. Mkikuja tena msilete makaratasi. Mpitie kwangu mkunywe maziwa, ndiyo watu waone mko wageni wangu."

Nilitamani kumkumbatia mzee yule. Tulipiga makofi, na pango nalo likapiga.

Tulipita kwake kila mwezi baada ya hapo, tukanywa maziwa yake ya mgando ya kibuyu, yaliyokolezwa majivu ya mti kwa desturi ya kwao, na mara kadhaa alifuatana nasi akasimama katika besi. Alikuwa na sauti nzito isiyo na adabu. Mwalimu alimwambia hivyo usoni, na chifu akakubali, kitu ambacho sidhani aliwahi kukikubali kwa DC, mkuu wake wa wilaya. Jumapili zetu zikarudi kuwa na wimbo, na kijana wa Kitale akabaki Kitale.

Mimi niliolewa Soy. Mume, duka, watoto, kila kitu kikaja kwa kufuatana, na kwaya ikabaki nyuma kama vitu vya usichana vinavyobaki kwa mama. Sikuimba tena, hata jikoni. Miaka ikapita mpaka siku moja ya soko nilipokutana na Karani akinunua mbegu, amenenepa, kichwa cheupe.

Nilimuuliza habari za Mwalimu, naye akatikisa kichwa.

"Masikio yaliisha, dada. Yaliisha kabisa. Hata pangoni."

Nilisimama pale kati ya vikapu vya watu na machozi yakanitoka bila kuniuliza. Karani aliniambia mengine kwa haraka, kama mtu anayetaka kunifunika na koti. Kiwanda kilikuwa kimemwachisha kazi. Wazee wa kanisa walikuwa wamempata mtu wa kinanda cha umeme. Mwalimu alijifungia chumbani kwake muda mrefu, hata Karani hakufunguliwa.

"Halafu?" niliuliza.

"Halafu njoo Jumamosi," alisema. "Mimi sitakueleza, utaona."

Nilikwenda. Mume wangu aliuliza naenda kufanya nini, nikasema kupanda mlima, akauliza kama tumepoteza mbuzi. Ukingoni nilikuta watu wengi kuliko zamani, nusu yao vijana nisiowajua waliokuwa wakitaniana kwa Sheng yao, na mbele yao mgongo uleule, umepinda kidogo, ukipanda. Sikutaka anione kabla sijajiandaa. Nilikaa nyuma kabisa, nikahema, nikamtukana kimoyomoyo kwa desturi, na moyo ukanidunda kwa namna nyingine.

Kileleni alinifuata mwenyewe. Nilimsalimu kwa kumpigia kelele sikioni, kama zamani. Aliinua mkono.

"Usipige kelele. Nakuona."

"Unaniona?" nilisema, polepole.

"Unasema, unaniona." Alicheka, kile kicheko chake cha lango. "Wenzangu kwa kufuma walikuwa wanasoma midomo tangu zamani. Huwezi kuongea kule ndani bila hiyo. Mimi nilikataa kujifunza. Niliona nikijifunza nimekubali. Halafu pango ikanyamaza, nikakaa kwa nyumba, nikaona sasa nitakufa na kiburi yangu." Alionyesha vijana kwa kidevu. "Hawa walikuja kunigongea mlango. Walikuwa wanagonga na mimi sisikii. Mmoja akapita kwa dirisha, akasimama mbele yangu, akaimba. Nikaangalia. Nikamwambia, wewe, unaingia mapema."

"Na alikuwa anaingia mapema?"

"Sana."

Nilimshika mkono na sikuweza kusema kitu, na kwa kuwa hakuna kilichosemwa hakukuwa na cha kusoma, akanipapasa bega akaondoka.

Pangoni alitupanga kwa nusu duara, taa ya mafuta katikati ili nyuso zetu zionekane, akasimama mbele na mwavuli wake. Nilijificha safu ya nyuma ya alto, nyuma ya msichana mrefu. Ilikuwa ileile zaburi. Akainua mkono, na sauti zikaja, zikapanda, jiwe likazichukua na kuzirudisha kutoka kila upande, nzuri kiasi kwamba nilifikiri kitu kimoja tu: yeye hazisikii. Sisi sote tunazisikia, na mwenyewe hazisikii. Maneno niliyakumbuka yote, lakini hayakuwa na pa kupitia. Kwa hiyo niliyafuata kwa midomo, bila sauti, nikijiambia kwamba mwanamke mmoja wa nyuma hatamharibia mtu wimbo.

Mwalimu alikata. Wimbo ulisimama, na mwangwi wake ukaenda kufia ndani. Alitembea mpaka mbele ya msichana mrefu, akamsogeza kando kwa kidole, na mwavuli wake ukanifunika na mimi.

"Alto," alisema. "Mdomo unafungua vizuri sana. Lakini hii shingo imelala. Huimbi."

Vijana wakageuka kuniangalia. Nilijaribu kumweleza, machozi yakiingia mdomoni, na sijui alisoma nini hapo.

"Utalia ukifika nyumbani," alisema. "Hapa kuna kazi. Toka mwanzo."

Alirudi mahali pake, akainua mkono, akaniangalia mimi peke yangu shingoni mpaka nilipoimba.